Mtoto wa Cantaro na Vyungu vya Maua

Kaeni vizuri, wanangu, hadithi hii naianzia kwenye kijiti. Ni kijiti kidogo cha kuenea kiganjani. Tarehe 18 Aprili 1994, mjini St John's, kisiwani Antigua, kijiti hicho kilikuwa kimelazwa juu ya vijiti virefu vilivyosimikwa ardhini, na mbele yake alisimama kijana wa miaka 24, mfupi wa kimo, ameshika gongo. Mrushaji wa Uingereza, Chris Lewis, alikuja mbio akautupa mpira, ukadunda, ukapanda kuelekea kifuani. Kijana akageuka, akauchapa. Mpira ukakimbia nyasini hadi mpakani, na watu wakamiminika uwanjani wakipiga kelele kama maji yaliyovunja kingo.

Lakini katika kule kugeuka, mguu wake uligusa kijiti kirefu. Kile kidogo cha juu kikatikisika, kikahama kidogo mahali pake, kisha kikatulia. Kingeanguka, kijana angehesabiwa ametoka, na pigo lile lisingehesabiwa kabisa. Angebaki na mikimbio 365, sawasawa na mwenye rekodi wa zamani. Hakikuanguka. Kijana alikuwa amefika 369, na hapakuwa na mtu aliyewahi kufika hapo katika mechi ya mataifa.

Jina lake ni Brian Lara.

Najua kriketi ni ngeni kwa wengi wenu. Mtoto wa Mombasa huenda amewaona watu waliovaa meupe akipita karibu na Mombasa Sports Club; wa Kigoma au Goma pengine hajaiona hata siku moja. Basi nisikilizeni kidogo, si mchezo mgumu kama watu wanavyousingizia. Timu ni mbili, kila moja ina wachezaji 11. Moja inapiga, nyingine inarusha na kudaka. Katikati ya uwanja kuna njia nyembamba ya mita 20 hivi, inaitwa pichi, na kila ncha ina vijiti vitatu. Wapigaji huingia wawili wawili, mmoja huku na mwingine kule. Mpigaji akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake hukimbia wabadilishane ncha. Kila wakibadilishana ni mkimbio mmoja. Mpira ukibiringika hadi mpakani ni mikimbio 4 bila kukimbia. Ukivuka mpaka hewani ni 6. Vijiti vyako vikigongwa na mpira, umetoka. Ukidakwa kabla mpira haujagusa chini, umetoka. Kuna njia nyingine kadhaa za kutoka, lakini zote zina mwisho mmoja: unakwenda kukaa kivulini na zamu yako imekwisha. Mechi kubwa kuliko zote, ile inayoitwa testi, huchezwa siku tano.

Sasa angalieni jambo hili. Uwanja ni mpana, na wanaomzingira mpigaji ni watu 11 tu. Watu 11 hawawezi kuuziba uwanja mzima. Hata nahodha awapange vipi, mahali fulani patabaki wazi. Watu hudhani mpigaji mkubwa ni yule mwenye misuli. Mimi nawaambia ni yule anayeliona pengo, kisha akaweza kuupitisha mpira hapo hapo, si kushoto kidogo wala kulia kidogo.

Lara alijifunzia wapi hilo? Kibarazani kwao.

Alizaliwa tarehe 2 Mei 1969 katika kijiji cha Cantaro, kwenye bonde la Santa Cruz, nchini Trinidad na Tobago. Nyumba ilijaa watoto: walikuwa 11, yeye ni wa 10. Gongo lake la kwanza alichongewa na kaka yake kutokana na kuti la mnazi. Watoto wa pwani mnaujua upongoo, ule mti wa katikati wa kuti; basi fikirini hiyo ndiyo silaha ya kwanza ya mtu aliyekuja kuwatoa jasho warushaji wa dunia nzima. Na pale kibarazani palikuwa na vyungu vya maua. Mtoto Brian alivifanya vyungu vile kuwa wachezaji wa timu pinzani. Alichukua kijiti na gololi, akawa anazipiga gololi zipite kati ya chungu na chungu. Gololi ikigusa chungu, amedakwa. Ikipita katikati, amepata. Chungu hakichoki wala hakisogei. Ukikosea, kosa ni lako.

Watu wazima waliomwona uwanjani miaka mingi baadaye walisema huyu anacheza kama wadakaji hawapo. Si kweli. Aliwaona wote, mmoja mmoja, kama alivyoviona vile vyungu, na ndiyo maana aliweza kuwakwepa.

Alipokuwa na miaka sita, dada yake Agnes alimpeleka kwenye mafunzo ya kriketi ya klabu ya Harvard, jijini Port of Spain. Dada hakuwa kocha, hakuwa tajiri. Aliona tu kwamba mdogo wake ana kitu. Naye baba yake, Bunty, hakumwacha mkono: alihakikisha mwanawe anafika mazoezini na kwenye mechi. Brian alipiga kwa mkono wa kushoto, akaliinua gongo juu sana kabla ya kupiga, kama mtu anayetaka kupasua kuni. Alipenda pia kandanda, na miongoni mwa marafiki zake wa ujanani alikuwamo Dwight Yorke, yule aliyekuja kufunga mabao Manchester United. Kriketi ndiyo iliyoshinda.

Baba alifariki mwaka 1989. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1990, mwana akacheza testi yake ya kwanza huko Lahore, nchini Pakistan. Mzee hakuwahi kumwona akiivaa kofia ya West Indies, na hilo, wanangu, huniuma kila nikilisimulia. Niwaeleze: West Indies si nchi moja. Ni visiwa na nchi kadhaa za Karibi, kila moja na bendera yake na wimbo wake wa taifa, lakini katika kriketi huwa timu moja. Kwa karibu miaka 15 hapo nyuma, timu hiyo ilitisha ulimwengu wote. Lara aliingia wakati wakubwa wale wameanza kustaafu, na mzigo wao ukaanza kumwelekea yeye.

Januari 1993 walikuwa Sydney, Australia. Lara hakuwa bado amefikisha mikimbio 100 katika testi yoyote. Siku ile alifikisha 100, akafika 200, akaenda hadi 277, na warushaji hawakupata dawa. Alitoka kwa sababu ya kukimbia: yeye na mwenzake hawakuelewana, vijiti vikagongwa kabla hajafika. Baadaye alipopata binti alimpa jina la mji ule, Sydney.

Turudi sasa Antigua, 1994. Rekodi ya 365 ilikuwa ya Garfield Sobers wa Barbados, aliyoiweka mwaka 1958 huko Jamaika akiwa na miaka 21. Ilidumu miaka 36. Asubuhi ya siku ya tatu Lara aliingia uwanjani akiwa na 320, na kila mtu kisiwani alijua hesabu iliyobaki. Kwenye ncha ya pili alikuwapo Shivnarine Chanderpaul, kijana wa Guyana mwenye miaka 19 tu, na huyo mdogo ndiye aliyekuwa akimtuliza mkubwa wake: pole pole, usiharakishe. Napenda sana sehemu hii. Watu wanakumbuka rekodi ya Lara. Nani anamkumbuka kijana aliyesimama upande wa pili na kumpa nafasi?

Ile nne ilipofika mpakani, Sobers mwenyewe alikuwapo. Alitembea hadi katikati ya uwanja, mtu mzima mwenye miaka 57, akamkumbatia aliyemvua taji. Lara akapiga magoti akaibusu pichi. Akaendelea hadi 375, ndipo akatoka.

Mngedhani angepumzika. Alipanda ndege kwenda Uingereza kuichezea timu ya Warwickshire, na pale akawa kama moto uliopata nyasi kavu. Katika zamu zake nane mfululizo, kuanzia ile ya Antigua, saba zilipita mikimbio 100. Ya nane ilikuwa dhidi ya Durham, mjini Birmingham. Hiyo ilianza vibaya. Akiwa na 12 mpira ulipita ukavunja vijiti vyake. Mwamuzi akasema mrushaji amevuka mstari, kwa hiyo kutoka kule hakuhesabiki. Akiwa na 18 kipa Chris Scott, yule anayedaka nyuma ya vijiti, aliangusha mpira rahisi. Maskini kipa wa watu, hakujua kosa lile lingegharimu kiasi gani.

Tarehe 6 Juni Lara alipiga kutwa nzima. Rekodi ya mechi zote kubwa, za mataifa na za klabu, ilikuwa 499, ya Hanif Mohammad wa Pakistan, aliyetolewa mwaka 1959 akikimbilia mkimbio wake wa 500. Jioni ikawa inaingia. Lara alikuwa na 497, hakujua kwamba ile ndiyo ova ya mwisho ya mechi, yaani ile mipira sita ya mwisho. Mpira mmoja ukamgonga kofia. Mwenzake Keith Piper akamsogelea akamwambia imebaki miwili tu. Lara akarudi mahali pake, akatazama wadakaji, akaona palipo wazi, akaupiga wa kwanza kati ya ile miwili. Nne. 501, na hajatolewa. Kutoka Antigua hadi hapo zilikuwa zimepita siku 49.

Sasa msije mkadhani mtu huyu alikuwa hashindwi. Sikilizeni hii, maana inatuhusu. Tarehe 29 Februari 1996, katika Kombe la Dunia, West Indies walikutana na Kenya huko Pune, India. Kenya wakati huo haikuwa hata na hadhi ya kucheza testi. Walipiga kwanza, wakaambulia mikimbio 166. Ni midogo, na walioijua kriketi walianza kuwaonea huruma. Kisha Lara akaingia. Akafika 8. Rajab Ali akarusha, mpira ukagusa ukingo wa gongo, ukaenda nyuma, na kipa Tariq Iqbal akaufumbata. Mtu wa 501, ametoka kwa 8! West Indies wote wakatolewa kwa 93, nahodha Maurice Odumbe mwenyewe akiwatoa watatu. Kenya ilishinda kwa tofauti ya mikimbio 73. Kama kuna babu au mjomba mtaani kwenu aliyefuatilia mechi ile, mwulizeni, mtaona uso wake utakavyobadilika.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Lara alifanywa nahodha, na mwishoni mwa 1998 ukazuka mgogoro wa malipo kati ya wachezaji na viongozi. Akavuliwa unahodha, akarudishwa. Wakaenda Afrika Kusini wakafungwa testi tano kwa tano. Machi 1999 Australia wakaja Karibi, na katika mechi ya kwanza, kule kwao Port of Spain, timu nzima ya West Indies ikatolewa kwa mikimbio 51. Nyumbani kwake, mbele ya watu waliomlea. Wapo waliosema Lara ni mpigaji wa kujipigia mwenyewe, hawezi kuongoza watu, na unahodha wenyewe alikuwa amepewa kwa majaribio ya mechi mbili tu.

Katika mechi ya pili, huko Kingston, akapiga 213 na wakashinda. Ya tatu ikachezwa Bridgetown, Barbados, na hiyo ndiyo mimi naipenda kuliko 375, kuliko 501, kuliko zote. Ili washinde, West Indies walihitaji 308 katika zamu ya mwisho. Walipofika 105, watu watano walikwisha kutoka. Waliokuwa wakirusha ni Glenn McGrath, Jason Gillespie, Shane Warne na Stuart MacGill. Msipoyajua majina hayo, chukueni neno langu kwamba kila mmoja wao alikuwa balaa. McGrath alimgonga Lara kichwani kwa mpira, kofia ikamwokoa, wakatupiana maneno, mchezo ukaendelea.

Jimmy Adams akasimama naye kwa muda mrefu, wakaongeza 133. Kisha Adams akatoka, na waliomfuata wakaporomoka kama vibanzi. Watu wanane wametoka, bado mikimbio 60. Akaingia Curtly Ambrose, mrushaji mrefu ambaye kupiga hakukuwa kazi yake. Akaizuia mipira 39 kwa uvumilivu mtupu, naye Lara akawa anachuma huku na huku, moja hapa, nne pale. Ilipokaribia kabisa, Lara mwenyewe aligusisha mpira na Ian Healy, kipa hodari wa Australia, akauangusha. Halafu Ambrose akatoka. Imebaki mikimbio 6, na amebaki mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Courtney Walsh. Mrushaji mkubwa sana, lakini katika upigaji, ndiye anayeshikilia rekodi ya kutoka bila hata mkimbio mmoja mara nyingi kuliko mtu yeyote katika testi: mara 43. Akatembea kwenda katikati, uwanja mzima umeshika roho mkononi. Akakabiliana na mipira mitano. Hakupata kitu, wala hakutoka. Basi Gillespie akamrushia Lara, na Lara akalipeleka gongo lake kutoka kule juu, mpira ukapenya kati ya wadakaji upande wa mbele ukaenda mpakani, na watu wa Barbados wakavamia uwanja. 153, hajatolewa. Hebu nihesabieni: timu ilipata 311, karibu nusu ni zake. Na bila zile sifuri za Walsh zisizotoka, zote zingekuwa bure.

Alipiga sana hata timu ilipozidiwa. Mwaka 2001 huko Sri Lanka alipata mikimbio 688 katika testi tatu, na West Indies wakapoteza zote tatu. Mnaweza kufikiria? Unafanya kazi ya watu wanne, na kila jioni unarudi hotelini umefungwa.

Oktoba 2003, mjini Perth, Matthew Hayden wa Australia aliifikisha rekodi 380 dhidi ya Zimbabwe. Lara akawa wa pili. Alikuwa na miaka 34, umri ambao wengi huanza kuaga. Mapema mwaka 2004 Uingereza wakaja Karibi wakashinda testi tatu za kwanza, na katika mojawapo timu ya Lara ilitolewa kwa 47. Ya nne ikachezwa wapi? St John's, Antigua. Uwanja ule ule, wapinzani wale wale, miaka kumi baadaye.

Alianza tarehe 10 Aprili na mpaka tarehe 12 alikuwa bado yupo. Alipofika 374 mrushaji Gareth Batty akampa mpira wa kupaa, Lara akasogea akaupiga ukaruka mpaka: 380, sare na Hayden. Mpira uliofuata akaufagia kwa nyuma, nne: 384. Akaibusu pichi tena. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunyang'anywa rekodi hii kisha akaichukua tena. Akaendelea hadi akapata mkimbio wa 400, na hapo, kama nahodha, akaifunga zamu, yaani akatangaza timu yake imetosha kupiga, naye hajatolewa. Alikuwa ameipokea mipira 582.

Mechi ile iliisha sare, na wapo waliomlaumu kwamba alikaa muda mrefu mno, kwamba angefunga mapema pengine wangeshinda. Nimelifikiria sana jambo hilo. Timu iliyokuwa imefungwa tatu mfululizo na kutolewa kwa 47 ilikuwa inakabiliwa na aibu ya kupoteza zote nne nyumbani. Mtu wa kuizuia aibu hiyo alikuwa yeye, na njia aliyoijua ni kubaki pale katikati. Mimi simlaumu.

Alistaafu Aprili 2007, katika Kombe la Dunia lililochezwa huko huko Karibi. Mechi ya mwisho ilikuwa Barbados, dhidi ya Uingereza. Akapata 18 tu, akatolewa mbioni baada ya kutoelewana na mwenzake, Marlon Samuels, kama vile alivyotolewa Sydney alipokuwa kijana. Jumla yake katika testi ilikuwa 11,953, mingi kuliko mpigaji yeyote hadi siku ile. Baada ya mechi alipewa kipaza sauti. Aliwauliza watu kama aliwafurahisha. Uwanja mzima ukaitikia kwa kelele.

Wengine wamempita kwa jumla ya mikimbio tangu wakati huo, lakini ile 400 bado ipo, na ile 501 bado ipo. Tarehe 7 Julai 2025, mjini Bulawayo, Zimbabwe, nahodha wa muda wa Afrika Kusini Wiaan Mulder alikuwa amepiga 367 na hajatolewa. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Siku zilibaki tele, warushaji walikuwa hoi, na mikimbio 33 tu ilimtenga na Lara. Mulder akaifunga zamu. Alipoulizwa, alisema Lara ni gwiji, na mtu kama yeye anastahili kubaki na rekodi ile.

Baadaye Mulder alisimulia kwamba alizungumza na Lara. Mzee alimwambia alipaswa kuendelea.